Kuandika upya msimbo wa kanzidata: nilivyofanya kwenye daftari la mwani

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama uifute programu ya duka la babaako hapo Wete na uanze upya, kwa vile amri za SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata, zimetapakaa kila ukurasa, na kama uihame kanzidata ya MySQL uende ile ya PostgreSQL. Usiifute. Mimi yangu niliiacha nikaanza upya, nikapoteza miezi minne, na mwisho nikairudia ile ile ya zamani.

Yangu ni daftari la mwani. Mama mdogo yumo kwenye kikundi cha wakulima Micheweni. Wakivuna wanaanika, wanapima, na kilo za kila mtu zinaandikwa pamoja na anachodai. Niliianza kwa lugha ya PHP nikitumia mysql_query, moja ya funksheni zake za zamani za kupeleka amri kwenye MySQL, kama nilivyoikuta kwenye masomo ya mtandaoni. Toleo la PHP 7, la Desemba 2015, liliziondoa kabisa funksheni zile. Nilipobadilisha kompyuta na kuweka PHP mpya, kila ukurasa ukafunguka mweupe, hauna herufi hata moja. Hapo ndipo nikaamua kubomoa yote.

Programu mpya ilipendeza macho. Siku ya kwanza ya kupima, mama mdogo akatazama jumla, akatazama daftari lake la mkono, akaniuliza, "Mbona leo gunia nalo linalipwa?" Katika ukurasa wa zamani, katikati ya amri moja ndefu, palikuwa na sehemu inayotoa uzito wa gunia. Niliiandika mwenyewe na nikaisahau. Kurasa zako chafu zimebeba mambo kama hayo, na ukizifuta hutoyakumbuka mpaka mtu adhulumiwe.

Mara ya pili nilirudi kwenye msimbo wa zamani na toleo la zamani la PHP, nikafungua faili moja jipya. Kila amri ya SQL nikaikata ilipo nikaihamishia humo, ndani ya funksheni yenye jina la kazi yake: andikaMzani, madeniYaMkulima. Sikubadilisha hata herufi ya amri yenyewe. Ukurasa mmoja kwa usiku, kisha nalinganisha jumla za kabla na baada. Zilipohamia zote, ndipo nikazigeuza kuwa PDO, njia nyingine ya PHP ya kuzungumza na kanzidata, na kurasa hazikujua kama kuna kilichobadilika.

PDO ilinitibu ugonjwa ambao sisi Waswahili tunaujua zaidi: ng'. Mtu akiandika anakaa Ng'ambo, ile alama, ambayo ndiyo SQL inayofungia maandishi, inayafunga katikati na MySQL inatoa kosa 1064, la amri isiyosomeka. Nilikuwa naifuta alama kabla ya kuhifadhi, basi jedwali likawa na Ngambo, Ng'ambo, na nyingine yenye alama iliyopinda inayotoka kwenye simu. Mahali pamoja, hesabu tatu. Tumia prepare ya PDO, amri itayarishwe kwanza na thamani zipite peke yake, usizichanganye na amri. Hiyo hiyo ndiyo inayomzuia mwizi asipenyeze amri zake kwenye kisanduku cha kutafutia. Ila data iliyokwisha kuharibika nililazimika kuisahihisha kwa mkono, na hiyo ilikula muda kuliko msimbo.

Halafu umeme. Ulikatika kati ya amri mbili: kilo zikaingia, deni halikuingia. Nikazifunga mbili zile ndani ya muamala mmoja, yaani ziingie zote au isiingie hata moja, nikajaribu kwa kuchomoa waya, na kosa likabaki vile vile. Majedwali yangu yalikuwa ya MyISAM, aina ya uhifadhi ya MySQL, ambayo huipokea START TRANSACTION bila kulalamika na haiifanyii kazi. Nikayageuza kuwa InnoDB, aina inayoufuata muamala, tatizo likaisha. Tazama yako leo kwa SHOW TABLE STATUS, na kabla ya kuyagusa chukua nakala ya akiba, uijaribu kuirejesha.

Fedha usiziweke kwenye FLOAT, aina ya safu inayohifadhi namba kwa kukadiria. FLOAT ya MySQL haiwezi kutofautisha 16,777,216 na 16,777,217, na kwa shilingi zetu duka linafika huko upesi. Mimi naweka shilingi nzima, na uzito kwa gramu.

PostgreSQL ni nzuri sana, lakini kwa duka moja sioni kinachokusukuma sasa. Ukitaka kuhama baadaye, utagusa faili moja tu. Jihadhari na hili: MySQL kwa kawaida yake ukiitafuta "wete" inakupa na "Wete", PostgreSQL haikupi. Babaako atakwambia wateja wamepotea.

Anza na ukurasa wa mauzo. Ukimaliza kuuhamisha, liweke hapa lile faili tulitazame pamoja.