Maswali ya Wasomaji: Runinga Janja, Bando na King'amuzi

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Chikongola, Mtwara. Baada ya malipo ya korosho mume wangu alinunua runinga janja, na sasa kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita anatushawishi tuachane na king'amuzi ili fedha hiyo ilipie Netflix, huduma ya kutazama filamu kwa intaneti. Tulijaribu kwa kuwasha hotispoti ya simu yangu iliyokuwa na bando la GB 10, nalo likaisha kabla filamu ya pili haijafika mwisho. Je, nimeibiwa, au runinga ndiyo mbovu? Na king'amuzi tukiache?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, hujaibiwa, na runinga yenu ni nzima. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, picha ya HD, yaani yenye ukali wa juu, hula hadi GB 3 kwa saa moja, na ile ya 4K, iliyo kali zaidi, hufika GB 7. Kwa kiwango cha HD, GB 10 zinatosha saa tatu na dakika ishirini hivi, yaani filamu moja na kipande kikubwa cha nyingine, kama ulivyoshuhudia. Jambo ambalo wauzaji wa runinga hawalielezi ni kwamba programu ya Netflix isipoelekezwa hujichagulia ubora wa picha kwa kupima kasi ya mtandao, kwa hiyo usiku ambao mtandao umetulia na picha inang'aa ndio usiku ambao bando linateketea upesi zaidi.

Dawa ipo. Fungua akaunti yenu kwenye kivinjari cha simu, ingia katika mipangilio ya uchezaji ya wasifu (profile) mnaoutumia, kisha uondoe chaguo la kujiendesha na kuweka kiwango cha kati. Hapo matumizi hushuka hadi GB 0.7 kwa saa, na filamu ya saa mbili iliyokuwa ikimeza GB 6 itatumia GB 1.4 hivi. Picha itapungua ukali, na hilo mtaliona hasa kwenye maandishi madogo yanayopita chini ya skrini, lakini sura za watu na mtiririko wa hadithi mtavifuata bila shida. Kila wasifu hupangwa peke yake, kwa hiyo ukirekebisha wako na kuusahau wa kijana, bando litaendelea kuisha vilevile. Zima pia usasishaji wa programu unaojiendesha ndani ya runinga, kwa sababu runinga ikishaunganishwa na simu yako haijui kwamba unalipia kila GB, na inaweza kupakua mafaili makubwa pasipo mtu yeyote kuiagiza.

Kuhusu king'amuzi, ninakusihi msikiache. Kijana wako anapolinganisha malipo ya mwezi ya Netflix na ya king'amuzi, anasahau bando, na bando ndilo gharama kubwa kwa nyumba inayotegemea hotispoti. Isitoshe, Netflix haina taarifa ya habari ya saa mbili usiku wala haionyeshi Ligi Kuu Bara, ambayo haki zake ziko kwa Azam. Siku Namungo ya Ruangwa inapocheza, baba wa nyumba atawauliza mechi iko wapi. Ikiwa mtapata intaneti ya nyumbani isiyopimwa kwa GB, hesabu itabadilika na hoja ya kijana itapata uzito. Kwa sasa, kama anataka sana filamu, alipie mwezi mmoja wa likizo, kisha asitishe.

SWALI: Mimi niko Lindi mjini. Mvua ikinyesha tu, picha ya king'amuzi cha dishi hukatika, na jirani anasema wanaotumia intaneti hawana tatizo hilo. Ni kweli?
Msomaji wa Lindi

JIBU: Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti, na picha hurudi yenyewe mvua inapopungua. Lakini kama hata manyunyu yanaikata, shaka iko kwenye dishi lako: huenda limesogezwa na upepo au kiungio cha waya kimeingia kutu, jambo la kawaida kwetu sisi tunaoishi karibu na chumvi ya bahari. Mwite fundi mwenye kipimo cha mawimbi alielekeze upya na kubadilisha viungio, kabla hujashawishika kununua king'amuzi kingine.

Jirani yako amesahau Mei 2024. Tarehe 12 ya mwezi huo EASSy na Seacom, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, ilhali vituo vya runinga viliendelea kupatikana kwa dishi. Siku chache tu kabla ya hapo pwani yetu ilikuwa imepigwa na kimbunga Hidaya, na sote tulihitaji habari za barabara ya Somanga, Kilwa, iliyokuwa imekatika. Mwenye king'amuzi na redio ndogo ya betri alizipata.