Mguu unaburuta katikati ya mazoezi

SWALI: Dada, nina ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ule ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva. Nafanya mazoezi na kikundi cha wenzangu wenye hali hii. Tukifika katikati, jicho langu la kushoto linaingia ukungu na mguu unaburuta. Nikipumzika, vyote vinarudi sawa. Mume wangu anasema niache. Je, najiumiza?

JIBU: Usiache, mdogo wangu. Hilo ni joto. Neva zilizopoteza utando wake hupitisha taarifa kwa shida mwili ukipata joto hata kidogo. Daktari wa macho Wilhelm Uhthoff alilieleza jambo hili mwaka 1890. Halimaanishi kwamba ugonjwa umepiga hatua.

Simama karibu na feni. Kunywa maji baridi kabla ya kuanza, na shingoni zungusha kitambaa kilicholowa. Mwalimu akuwekee kiti nyuma yako, kigumu chenye mgongo, si kile chepesi kinachoteleza ukikigusa. Wenzako wakifanya mizunguko mitatu, wewe fanya miwili, ukae. Najua, kwenye kikundi mtu huona haya kukaa peke yake, basi anajikaza mpaka anaanguka. Kaa tu! Utashangaa wangapi watakufuata.

Ila ukungu ukidumu zaidi ya saa 24, au jicho likiuma ukiligeuza, muone daktari wako haraka.

Na shemeji mlete siku moja, ashike saa ya mizunguko.