Kambi ya watu wenye watoto

SWALI: Fundi, salamu kutoka Gilgil. Nasimamia machimbo ya mawe, mbali na lami. Mwajiri anataka kujengea wafanyakazi nyumba 24: laini mbili za chumba kimoja kimoja, paa la mabati, bomba moja mwishoni, maji ya kisima. Watu wetu hawakai. Miezi mitatu, wameondoka. Nimwambie nini kabla msingi haujachimbwa?

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru umeuliza mapema. Mimi nimezaliwa kwenye laini za majani chai, Nandi Hills. Chumba kimoja, watu sita, leso imetundikwa kati ya kitanda cha wazazi na mkeka wetu. Mvua ikinyesha Mama alipikia ndani kwa kuni mbichi, na mdogo wangu alikohoa mpaka akapelekwa kwa nyanya. Mwaka uliofuata Baba aliacha kazi. Mshahara haukuwa umepungua. Ni ile nyumba iliyomchosha.

Basi omba vyumba viwili na jiko la pembeni lenye dohani, hata kama mwaka huu zitajengwa 16 tu. Waulize wake za wafanyakazi wangependa jiko likae wapi. Mama hakuwahi kuulizwa. Laini zitazamane, malori yapite nyuma, ili anayepika amwone mtoto anayecheza. Wazee wa machimbo watakuonyesha vumbi linakopeperushwa. Msijenge upande huo.

Linalonitia hofu zaidi ni kisima. Maji mengi ya chini ya ardhi huku Bonde la Ufa yana floridi nyingi, yaani madini yanayoyeyuka ndani ya maji, ndiyo maana unaona meno ya kahawia. Mtoto hudhurika meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floridi hubaki. Yapimwe kabla bomba halijalazwa. Yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yawe ya kufulia, na ya kunywa yatoke kwenye paa. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 400. Kwa hiyo mifereji na tangi vichorwe kwenye ramani sasa hivi.

Akilia gharama, msomee Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 31 kinamtaka atoe makazi yanayofaa au pesa za kutosha kodi, na cha 32 maji safi ya kutosha. Ramani mpya ikiwa tayari, nitumie niipitie, sitakutoza kitu.