Uraia ndani ya kila somo: ushauri kutoka shule ya Kiyahudi London

Kama unafundisha shule ya dini na umekabidhiwa kazi ya kuingiza maadili ya uraia katika masomo yote, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze na waraka wa serikali. Anza na vitabu ambavyo shule yenyewe inaviheshimu. Waraka utausoma baadaye, na utakuta mengi unayotakiwa kufundisha yamo mle ndani tangu zamani.

Mimi ni Mwislamu, nimesoma chuoni Tanga kabla sijavuka bahari, na sasa nafundisha historia katika shule ya sekondari ya Kiyahudi hapa London. Walimu wengi wa masomo ya kawaida katika shule hizi si Wayahudi, kwa hiyo hilo halimshangazi mtu. Nimepewa pia jukumu la kuratibu uraia katika masomo, na ndiyo maana walimu wenzangu wa Kenya na Tanzania, hasa wa seminari na shule za Kiislamu, huniuliza tunafanyaje.

Kwanza historia fupi. Mwaka 2014, baada ya sokomoko la shule kadhaa za Birmingham zilizodaiwa kutekwa na Waislamu wenye msimamo mkali, Wizara ya Elimu ya Uingereza iliagiza kila shule ikuze mambo manne: demokrasia, utawala wa sheria, uhuru wa mtu binafsi, na kuheshimiana na kuvumiliana kati ya watu wa imani mbalimbali. Yaliitwa "maadili ya Uingereza", na jina hilo liliwachoma wazazi wengi. Wayahudi walifukuzwa nchi hii mwaka 1290, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1656, na wapo wazee ambao wazazi wao waliletwa hapa wangali watoto, wakikimbia Manazi mwaka 1938 na 1939. Ukimwambia mjukuu wa mtu kama huyo kwamba leo tunamfundisha kuwa Mwingereza mwema, atakusikia kama askari wa mpakani.

Ndiyo maana niliomba kukaa na walimu wa masomo ya dini kabla ya kuandika azimio lolote la kazi. Kikao kile kilinifaa kuliko semina zote. Rabi wetu alifungua Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, mlango wa Pirkei Avot, panaposema uiombee serikali amani, kwa maana bila kuiogopa watu wangemezana wazima wazima. Akataja Yeremia 29, nabii anapowaandikia waliochukuliwa mateka Babeli wautakie heri mji walimo. Akataja kanuni ya Shmuel, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 3, kwamba sheria ya dola ni sheria. Kila Sabato, masinagogi mengi ya hapa humwombea mfalme na serikali yake. Utawala wa sheria ukawa haupo tena katika karatasi ya mkaguzi, ukawa sala wanayoisikia watoto kila wiki.

Lililonigusa zaidi lilihusu wachache. Mishna inauliza, katika mlango wa Eduyot, kwa nini tunahifadhi rai ya mtu mmoja aliyeshindwa na wengi? Jibu mojawapo ni kwamba huenda mahakama ya baadaye ikaiona na kuitegemea. Kwa mwalimu wa uraia hiyo ni hazina, kwa sababu mtoto anaelewa haraka kwamba kura ni ya wengi. Kinachomchukua muda ni kuelewa kwamba aliyeshindwa hafutwi.

Sasa masomo yenyewe. Katika historia sihitaji kulazimisha kitu. Mwaka 1847 wapiga kura wa City of London walimchagua Lionel de Rothschild kuwa mbunge, lakini hakuweza kuketi, kwa kuwa kiapo kilimtaka aape "kwa imani ya kweli ya Mkristo". Akakataa. Baraza la chini lilipitisha miswada ya kumfungulia njia, baraza la juu likaikataa, na yeye akachaguliwa tena na tena. Ni mwaka 1858 tu alipoapa kwa Biblia ya Kiebrania, kichwa kimefunikwa, akaketi. Nikifundisha hapo sisemi neno "demokrasia" mwanzoni. Nawapa wanafunzi maneno ya kiapo na kuwauliza: ni nani anayenyimwa haki yake hapa? Wengi hujibu "Rothschild". Nasubiri. Mara zote hutokea mmoja anayesema: "Waliompigia kura." Darasa likifika hapo, uwakilishi umeeleweka, na limefika lenyewe.

Hesabu ndilo somo walimu wanalolikimbia, na sijui kwa nini, maana hapo ndipo uraia hauwezi kubaki maneno matupu. Mwalimu mwenzangu wa hesabu huanza na sadaka, ambayo katika shule za Kiyahudi hukusanywa mwaka mzima. Tuchukue darasa la wanafunzi 30 wanaoamua fedha ziende wapi. Nyumba ya wazee ipate kura 12, wakimbizi 10, hospitali ya watoto 8. Kwa utaratibu wa uchaguzi wa wabunge wa Uingereza, wazee wameshinda, ingawa 18 hawakuwachagua. Halafu anawauliza wale 8 wa hospitali chaguo lao la pili ni lipi. Saba wakisema wakimbizi na mmoja wazee, wakimbizi wanapata 17 na wazee 13. Kura zilezile, mshindi mwingine! Anawaambia kwamba mwaka 2011 Waingereza waliulizwa katika kura ya maoni kama wanautaka utaratibu wa namna hii kwa wabunge wao, wakaukataa, kisha anawaacha wabishane kwa takwimu. Nakusihi jambo moja: fedha ziwe za kweli, na uamuzi wao utekelezwe. Watoto wakijua mwalimu mkuu ameshaamua pembeni, umewafundisha kinyume cha ulichokusudia.

Katika baiolojia tunagusa Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi ambao takriban mmoja kati ya Wayahudi 30 wa asili ya Ashkenazi, yaani wa Ulaya ya kati na mashariki, hubeba jeni yake. Wazazi wote wawili wakiibeba, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuugua. Hesabu ikiisha linabaki swali: majibu ya kipimo chako ni ya nani? Yako, ya mchumba wako, au ya familia nzima? Hapo uhuru wa mtu binafsi unakuwa na uzito. Kwingineko ukiona mada haina mlango, iache. Somo la pembetatu lisilohusu haki libaki la pembetatu.

Sehemu ngumu ni kuheshimu wasiofanana nasi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inalinda watu kwa misingi ya dini, rangi, jinsia, mwelekeo wa kimapenzi na mengineyo, na baadhi ya shule za Haredi, Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali zaidi, zimepata ripoti mbaya kwa kutozungumzia yote hayo na wanafunzi. Sitajifanya kwamba kuna njia isiyoumiza mtu. Ninachoshauri ni kuwaita wazazi mapema, kabla ya mada na si baada ya malalamiko, na kuwaonyesha hasa kitakachosemwa darasani. Na swali ambalo wanafunzi huuliza daima, "nikimheshimu, je, nimekubaliana naye?", lijibu kwa zoezi. Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasimulia nyumba mbili za wanachuoni zilizobishana, ya Hillel na ya Shammai, na inasema sheria ilifuata nyumba ya Hillel kwa sababu walikuwa wapole, na walitaja maneno ya nyumba ya Shammai kabla ya yao. Basi kila mwanafunzi aandike hoja ya asiyekubaliana naye, amsomee, na kazi haijaisha mpaka mwenyewe akiri kwamba hoja yake imeelezwa vizuri. Nimeona wavulana wakali wakirudia aya ileile mara kadhaa kwa sababu mpinzani anatikisa kichwa. Zoezi hili lipeleke hata seminari, kwani wanachuoni wetu nao wana adabu yao ya kutofautiana.

Mkaguzi akija, usimwandalie mabango ukutani. Mpe watoto azungumze nao.

Mwisho, angalia kalenda kabla ya kupanga. Kwetu Septemba na Oktoba mara nyingi humezwa na sikukuu, kuanzia mwaka mpya wa Kiyahudi hadi Simchat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, na Ijumaa za baridi shule hufungwa mapema kwa sababu ya Sabato, inayoanza jua linapotua. Uchaguzi wa baraza la wanafunzi tunaufanya Novemba, katikati ya wiki, na kura zinahesabiwa siku hiyohiyo mbele ya wote.