Usisubiri homa ipande

Mpwa wangu wa miaka miwili alikuja makamasi yakimchuruzika, nikampakata, akanipigia chafya usoni, tukacheka. Nilikuwa mwezi wa saba tangu nipandikizwe figo. Mtoto alipona siku ya tatu. Mimi nililazwa siku 11.

Kosa langu halikuwa kumpakata, ingawa dada yangu hadi leo anajilaumu. Kosa ni kwamba nilikaa nyumbani siku nne nikingoja kipimajoto kiniambie kama naumwa. Kila asubuhi nakibana kwapani: 36.8, 37.1, 36.9. Basi ni mafua tu, najiambia. Kumbe homa huletwa na kinga ya mwili yenyewe inapopambana, na kinga yangu nailaza kwa makusudi kila siku kwa takrolimasi na prednisoloni, isije ikaishambulia figo. Mlinzi umemlevya mwenyewe, halafu unasubiri apige filimbi!

Aliyenishtua ni mke wangu, kwenye simu. "Mbona unapumzika katikati ya maneno?" Nikachomeka kidole kwenye kipimo cha oksijeni ya damu: asilimia 91, iko chini. Nikasema kidole kina baridi, nikakisugua, nikajaribu cha pili. 90.

Walichukua sampuli puani na kukuta RSV, virusi ambavyo wengi tunavisikia kwa habari za watoto wachanga. Kwa mwenye kinga kamili mara nyingi huishia puani na kooni. Kwetu sisi, yaani tuliopandikizwa viungo au uboho, wenye saratani ya damu, walio kwenye tibakemikali, vinaweza kushuka mapafuni vikaleta nimonia. Influenza, korona, na hata virusi vingine vya mafua ya kawaida navyo huweza kufanya hivyo hivyo, na dalili za mwanzo hufanana mno. Usibahatishe; omba upimwe, mapema. Dawa ya influenza, oseltamiviri, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Kama yangu ingekuwa influenza, siku nne zile ningekuwa nimeichelewesha mwenyewe.

Na mtajie kila daktari dawa zako zote, hata asipouliza. Ipo dawa ya korona yenye ritonaviri ndani yake ambayo hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi kiwango cha hatari. Usipunguze wala kuacha dawa za figo kwa uamuzi wako.

Siku hizi nawapigia watu wa kliniki kamasi ya kwanza tu ikitoka. Naijua oksijeni yangu nikiwa mzima, ni 97, kwa hiyo ikishuka naona. Homa nayo ikifika 38 ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, bila kuizima kwanza kwa panadoli. Nyumbani wote wamechanjwa influenza. Mimi nachomwa sindano, kwani ile chanjo ya kupuliza puani ina virusi hai na haitufai. Sabuni na maji naviamini kuliko vitakasa mikono, kwa kuwa baadhi ya virusi, kama adenovirusi, havitishwi sana na spiriti iliyomo kwenye vitakasa hivyo.

Jambo moja sikulitegemea: wiki ya tano, nikiwa nimeshapona kabisa, kipimo bado kilionyesha virusi. Nilivaa barakoa kliniki kwa ajili ya wenzangu waliokaa benchi moja nami.

Mpwa wangu akishikwa na mafua tunaongea kwa video. Huanza kwa kunionyesha makamasi.