Mozart hakuujua mpingo wetu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nachonga vinyago Mikindani. Mgeni mmoja mnunuzi aliniambia mpingo huu ninaochonga ndio uliotengenezea klarineti za enzi za Mozart. Niliposimulia karakanani, kijana wangu mmoja akabisha mpaka tukakosana. Nani mkweli?
Fundi, Mikindani

JIBU: Marahaba, fundi. Kijana yuko sahihi, mnunulie soda.

Mozart, mtunzi wa muziki wa Ulaya, alifariki Desemba 1791. Wiki chache kabla ya hapo alimaliza utungo wa klarineti (ala ya kupuliza) na okestra kwa ajili ya rafiki yake, mpulizaji Anton Stadler. Klarineti za siku zile nyingi zilichongwa kwa mti wa Ulaya wa rangi ya manjano, nazo zilikuwa na vibonyezo vya shaba vitano au sita tu. Matundu mengine yalizibwa kwa vidole vitupu. Yangu mimi, ya mpingo, ina vibonyezo 17.

Mpingo ulishika nafasi hiyo katika karne ya 19, na sababu zake unazijua kwa mikono yako. Ule mti wa manjano hunywa maji. Pumzi ina unyevu, mti unavimba na kupinda, noti zinapotoka. Halafu mafundi wakaongeza vibonyezo (Iwan Müller alikuja na klarineti ya vibonyezo 13), na kila kibonyezo kinataka mhimili usiotikisika, maana mti ukicheza kidogo tu, kinakwama. Mpingo wewe tupa kipande ndooni uone kinavyozama. Ukiutoboa, skrubu inakaa kama imeingia kwenye chuma.

Mapinduzi ya Ufaransa nayo yalichangia kuikuza klarineti. Sherehe zilihamia viwanjani, na uwanjani fidla haisikiki, walitakiwa wapulizaji. Chuo cha muziki cha Paris, kilichoanzishwa 1795, kilichipuka kutoka kwenye bendi ya Walinzi wa Taifa.

Lakini mpingo una hila zake. Mwaka 2008 kwaya yetu ilialikwa Makete, mwezi wa Juni. Mimi mtu wa Mtwara, baridi ile naijulia wapi? Asubuhi nikaitoa klarineti kwenye mkoba nikaipuliza hapo hapo, bila kuipasha kwapani kwanza. Nikasikia ta! Ufa, urefu wa kidole cha shahada, kuanzia juu ukapita katikati ya tundu. Niliimba besi siku nzima, na besi sina. Niliporudi niliomba vumbi la mpingo kwa wachongaji wa huko kwenu, nikalichanganya na gundi, nikaushindilia ufa kwa ncha ya sindano.

Kuna jambo ambalo mgeni wako hakukugusia, nami naliona zito kuliko habari ya mti. Mwaka 1776 Mozart alikuwa na miaka 20, yuko Salzburg, anatunga muziki wa harusi ya binti wa akina Haffner. Mwaka huo huo mashine za mvuke za James Watt zilianza kazi Uingereza. Na Septemba ya mwaka huo, hapa Kilwa, Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani: watumwa 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa. Walitakiwa kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa, Mauritius ikiwamo. Nilifundisha muziki miaka 26, nikiwaandikia wanafunzi ubaoni Haydn, Mozart, Beethoven na miaka yao, na sikuwahi kuandika Kilwa pembeni. Kilwa, ambako basi la Dar linapita kila siku!

Kwa hiyo mwambie mgeni akirudi: mpingo ulikuja baadaye, watu wa pwani hii walitangulia.

Na wewe fundi, ukipiga msasa usifagie lile vumbi jembamba jeusi. Niwekee kikopo kimoja. Ule ufa umeanza kufunguka tena upande wa juu.