Kadi Ulishapiga, Lakini Basi ni la Kampuni

SWALI: Mama, pole kwa kazi. Naishi Karagita, Naivasha, na nafanya gredi, yaani kupanga maua kwa ubora, katika shamba la maua kando ya barabara ya Moi South Lake. Mshahara wangu ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Tunapiga kadi ya kutoka saa kumi jioni, halafu basi la kampuni linaturudisha mtaani. Dereva ameajiriwa na kampuni kama sisi, na nauli hatutozwi. Mwezi uliopita alifunga breki ghafla kwenye matuta, nikarushwa mbele nikaangukia chuma cha kiti. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia. Supavaiza anasema saa zangu za kulipwa zilikuwa zimeisha, kwa hivyo hiyo ni ajali ya barabarani na kampuni haihusiki. Niko nyumbani bila mshahara, na dawa najinunulia. Je, ni kweli?
– Mama wa watoto watatu, Karagita

JIBU: Si kweli, mama, na ninakuomba usikubali neno hilo hata kidogo. Nimelisikia tangu nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi mashambani huko huko Naivasha, na nililikuta tena nilipohamia ofisi ya chama mjini Nakuru. Mtu anaumia, anaambiwa kadi yako ilionyesha umetoka, basi anajiuguza kimya kimya hadi muda wa kudai unapita. Linaniuma, kwa sababu wanaolisema mara nyingi hawajafungua sheria yenyewe.

Sheria inayokuhusu ni ile ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, tuliyozoea kuiita WIBA. Kifungu cha 10 kimetaja safari kama yako waziwazi. Mfanyakazi anapopelekwa kazini au kurudishwa kwa gari ambalo mwajiri amelitenga kwa kazi hiyo, likiendeshwa na mwajiri au mtu wake, safari hiyo inahesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Hakuna mahali sheria inapouliza kama dakika hiyo ulikuwa unalipwa. Umeniambia basi ni la kampuni, dereva ni wa kampuni, na nauli hamlipi. Hayo matatu yaandike vilevile ulivyoniandikia mimi.

Kifungu hicho hicho kinawagusa wengine pia. Chukua mtu aliyekwisha kupiga kadi, akaona maji yanamwagika, akarudi kufunga vali bila kutumwa na mtu, akaumia vibaya. Sheria inasema jeraha kubwa au kifo kilichotokana na jambo lililofanywa kwa faida ya kazi ya mwajiri kinahesabiwa kuwa cha kazini, hata kama hakuna aliyemwagiza. Aliyeteleza saa ya chakula kwenye bomba la maji ndani ya ua wa kampuni, kesi yake ina ubishi zaidi, lakini mimi ningemwambia aripoti siku hiyo hiyo.

Sasa fanya hivi, na usingoje plasta itolewe. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, lakini mdomo hukanwa. Andika barua fupi: tarehe, saa, mahali basi lilipokuwa, jina la dereva, na wenzako wawili au watatu waliokuwa karibu nawe. Ipeleke ofisi ya wafanyakazi hapo kampuni, na nakala yako igongwe muhuri. Wakikataa kugonga, nenda na mwenzako ashuhudie ukiiacha mezani. Mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Ukiona kimya, peleka nakala yako mwenyewe katika ofisi ya idara hiyo Nakuru. Dai lako liwe limewasilishwa kabla ya miezi 12 kuisha tangu siku ya ajali. Risiti za dawa na za nauli ya hospitali zitunze zote, kwa sababu gharama za matibabu ni za mwajiri.

Na mshahara? Kwa kuwa ajali imekuzuia kufanya kazi zaidi ya siku 3, unastahili malipo ya muda yanayolingana na mapato yako, yasiyozidi miezi 12. Mfupa ukiunga vibaya, daktari atapima ulemavu kwa asilimia. Hesabu huanzia mapato ya miezi 96, ambayo kwako ni shilingi 1,152,000. Daktari akisema asilimia 10, hiyo ni shilingi 115,200. Siwezi kukuahidi asilimia yoyote kabla hujapimwa, ila nataka ujue hesabu inavyokwenda, asije mtu akakupa elfu kumi na tano kwenye bahasha akakuambia utie sahihi kwamba mmemalizana.

Jihadhari pia na wale wanaozunguka wodini wakitafuta majeruhi wa kupeleka kortini moja kwa moja. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikubali mpango wa sheria hii, kwamba dai dhidi ya mwajiri lianze kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kupinga kwake, na akishajibu, siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Unaogopa kufutwa, hukusema lakini najua. Sheria ya Ajira, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri kwa haki si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Waambie hata wenzako wa vibarua. WIBA ni yao pia.

SWALI: Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki Kisumu. Saa ya chakula nilitoka nje kununua chapati, tuktuk ikanigonga Obote Road. Je, kampuni itanilipa?
– Kijana wa Nyalenda

JIBU: Kijana wangu, hapo sitakudanganya. Ulikuwa nje ya ua, kwa shughuli yako, na gari si la mwajiri wako; dai la WIBA litakuwa gumu sana. Lakini usikae. Tuktuk hairuhusiwi barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine, na wewe ndiye mtu huyo. Nenda kituo cha polisi uchukue abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ajali, yenye namba ya tuktuk na jina la kampuni ya bima, kisha ujaziwe fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, hospitalini. Una miaka 3 ya kufungua kesi dhidi ya mwenye tuktuk, ila tuktuk huuzwa na wenyewe huhama, kwa hivyo abstrakti ichukue wiki hii.